Kibati Namba Kumi na Saba

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisemea. Nilipokuwa na miaka tisa niliondoka kwenye mgodi wa kale wa makaa ya mawe nikiwa na kibati cha shaba ndani ya soksi. Kwa ajili ya kibati hicho watu wazima waliingia chini ya ardhi kunitafuta, wakaliita jina langu gizani mpaka makoo yakawakauka, na mimi wakati huo nilikuwa juu kabisa, juani, kwenye ukuta wa kanisa, nakausha sketi. Kwa nini sketi ilikuwa imelowa, tutafika huko. Sina haraka ya kufika.

Kinachonirudisha ni harufu. Jirani zetu wa chini, hapa Overport mjini Durban, huchoma nyama uani kila Jumapili, na wakimaliza huumwagia mkaa maji. Ule mvuke mzito, wenye chumvichumvi ya chuma na udongo, hupanda ghorofa kwa ghorofa hadi dirishani kwangu, nami hufunga dirisha upesi. Wanadhani sipendi nyama yao. Naipenda sana, na wakinigongea na sahani nafungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili. Ni ule mkaa uliolowa tu. Ukinifikia puani, mgongo wangu unakumbuka kabla kichwa hakijakumbuka.

Nikiri pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu siku hizi ni ya kutoka kitandani hadi kwenye birika, nayo huwa naitafakari kwanza. Nilimaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikapata kazi ya kupokea simu za watu, na kazi yenyewe naifanyia hapa hapa mezani, nimevaa ndala. Watu husema nimezaliwa hivi. Si kweli. Niliwahi kwenda mahali. Mara moja. Ilitosha.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini, wakati kila nyumba bado ilikuwa na vuvuzela moja iliyopasuka ambayo hakuna aliyekubali kuitupa. Kanisa letu lilikuwa la Warundi na Wakongo, pamoja na Wakenya wachache wa chuo, na liliamua kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili matembezi ya siku moja, mbali, kaskazini mwa jimbo. Aliyebuni jambo hilo alikuwa mwalimu wetu, Mwalimu Kibet, Mkenya mwembamba aliyesomea uhandisi na kupenda mawe kama wenzake walivyopenda mpira.

"Tutaona vitu viwili," alitutangazia baada ya ibada. "Mgodi wa kitambo na mji wa kitambo. Nyumba za mawe, kanisa la mawe, hadi jela ya mawe."

"Na hayo makala, watatuuzishia ao watatupatia bure?" aliuliza Mama Furaha.

Huyu Mama Furaha ni jirani yetu, mlango kwa mlango, mwanamke wa Bukavu ambaye hajawahi kunong'ona tangu nimjue. Makaa yeye huyaita makala.

"Tunaangalia tu, Mama Furaha. Ni historia."

"Masaa ine kwa bisi, kwenda kuangalia makala? Eish, Mwalimu!"

Lakini siku ya safari alikuja, na chini ya kitenge chake alikuwa amekunja gunia tupu. Nilipolitazama akanikonyeza. "Mutu hajue," akasema.

Mama yangu naye alikuja. Mwalimu aliposema "mgodi" nilimwona Mama akiacha mikono yake hewani kidogo, maana alikuwa akikunja sweta langu, kisha akaendelea kukunja. Sikufikiria kitu. Usiku wa kuamkia safari alipika maharage na chapati akavijaza kwenye ndoo mbili za aiskrimu, zile ambazo katika nyumba zetu hazijawahi kukutwa na aiskrimu, na kabla jua halijachomoza tulikuwa barabarani.

Sasa lazima niwaeleze habari za karatasi, la sivyo mtaniona mwizi wa kawaida. Sisi wakimbizi tuliishi kwa karatasi ya kibali. Ya kwetu ilikuwa moja, jina la Mama mstari wa kwanza, jina langu chini yake, na ilikaa ndani ya bahasha ya plastiki yenye kifungo. Mama alikwenda nayo kanisani, alikwenda nayo Mobeni alikokunja mashati kiwandani, na nina hakika alikwenda nayo chooni. Siku moja, nikiwa mdogo zaidi, alikuwa ameitoa kwenye dirisha la ofisi fulani. Mtu wa ndani akaipokea, akasema "subiri hapo," na karatasi ikazama kati ya karatasi za wengine. Tulisubiri wiki nyingi. Wiki hizo mimi sikwenda shule, Mama hakwenda kazini, na tukiona gari la polisi tulikuwa tunageukia madirisha ya maduka kama watu wanaochagua televisheni. Ilipopatikana ilikuwa na duara la kikombe cha chai katikati.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba, na nyumba zote za wenzetu zilikuwa na sheria hiyo hiyo: dirishani unatoa kopi. Orijino haitoki mkononi mwako, hata kwa malaika, hasa kwa malaika anayesema subiri. Sisi watoto tulikuwa na mchezo kabisa. Mmoja anakuwa dirisha, wengine tunapanga foleni na majani ya mti mikononi, na dirisha linabembeleza, linatisha, linacheka nawe. Ukitoa jani lako, umekufa, unakaa chini. Mimi nilikuwa bingwa. Sikuwahi kukaa chini.

Basi. Tulifika jua likiwa limepanda, majani yote meupe kwa jalidi, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Mji wa kitambo ulikuwa bondeni, mtaa mmoja wa mawe ya kahawia na mnara wa kanisa, na mgodi ulikuwa juu yake, kwenye ubavu wa kilima, njia moja tu ya miguu ikiunganisha viwili hivyo. Nilitegemea kuta na wafalme. Mama Furaha alitazama bonde akasema kanisa lao la Bukavu ni kubwa kuliko mji mzima.

Aliyetupokea mgodini alikuwa mzee wa Kizulu aliyechimba pale ujanani mwake. Tulimwita Mkhulu, kama watoto wa Durban wanavyowaita mababu wote. Mdomo wa mgodi ulikuwa shimo la mraba lililoingia kilimani kama mlango wa gereji, lenye geti la chuma, na hewa iliyotoka humo ilikuwa na ile harufu. Pembeni palikuwa na kibanda chenye dirisha, na ndani yake mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufi, na nyuma yake ubao mkubwa wa misumari. Kwenye kila msumari kilining'inia kibati cha shaba chenye namba.

Mkhulu alitueleza kwa Kizulu, na sisi watoto tukawatafsiria wakubwa. Kila anayeingia anachukua kibati. Kila anayetoka anakirudisha dirishani. Zamani jioni msimamizi hakuhesabu watu, alitazama ubao. "Msumari mtupu ni mtu," alisema. "Mkiona msumari mtupu, kuna mtu yuko chini."

Nilipewa namba kumi na saba. Kilikuwa kizito, baridi, na kingo zake zilikuwa zimelainishwa na vidole vya watu ambao sasa hawapo. Nikakifumbata.

"Mama, njoo uchukue chako," nikasema.

"Miye nitaangalia chakula," Mama akajibu, na alikuwa tayari amegeuka, ndoo moja kila mkono, anarudi kuelekea basi. Hakulitazama lile shimo hata mara moja. Nilidhani ni ile kazi ya akina mama, isiyoisha.

Tuliingia na kofia ngumu zenye taa kwenye paji. Hatua za kwanza nilikuwa nacheka na wenzangu. Kisha nikageuka, nikaona mlango tulioingilia umekuwa mdogo kama stempu, na kicheko kikabaki mdomoni bila kazi. Dari ilikuwa chini. Maji yalitiririka ukutani bila sauti. Mahali fulani handaki likagawanyika njia mbili, kushoto pamefungwa mnyororo, nasi tukafuata kulia. Kila baada ya hatua chache palikuwa na nguzo za miti zilizoshikilia dari, na Mkhulu akazipigapiga kwa kiganja kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Wachimbaji, alisema, walipenda nguzo za mti kuliko za chuma. Chuma huvunjika kimya. Mti husema kwanza. Ukisikia mti unalia, kimbia.

Hii habari alimpa mtoto wa miaka tisa. Nami niliipokea na kuihifadhi vizuri.

Kisha akasema tuzime taa zote, tuone giza ambalo vijana wa pale waliliona taa zao zilipokufa.

Giza la Durban lina matundu. Kuna robot, taa ya njia panda, inayobadilika rangi hata kama hakuna gari, kuna taa za bandari, kuna jirani asiyelala. Hili halikuwa na tundu. Nilifumba macho, nikafumbua, nikafumba, na kwa kuwa hapakuwa na tofauti nikaogopa nimesahau lipi ni lipi. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nikajaribu kusikia wenzangu wakipumua, nikasikia tone la maji likianguka, mbali, kisha lingine. Kisha juu yetu mti ukalia. Sauti ndogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Nilitaka kukimbia, kama nilivyoelekezwa. Miguu haikunielewa. Badala yake joto likashuka mguu wa kushoto, taratibu, likaingia kwenye soksi.

"Mmeona?" Mwalimu Kibet aliuliza taa zilipowashwa, uso wake uking'aa kwa furaha. "Si ni maajabu?"

Niliwapita wote. Nilimpita Mama Furaha, aliyekuwa ameinama na gunia lake anaokota vipande kando ya reli, nikaipita mikono ya Mwalimu, nikaelekea kwenye ile stempu ya mwanga mpaka ikawa mlango. Nilitoka wa kwanza, wenzangu wako nyuma sana, sauti zao tu zinakuja.

Mama wa kofia ya sufi aliunyosha mkono kupitia dirishani. "Lete kibati, baby," akasema. "Kisha subiri hapo wenzako."

Hebu fikirini na mimi. Dirisha. Mkono. Kitu changu chenye namba yangu. Na neno lile lile, subiri. Nisubiri hapo, na sketi ile, watoto kumi na tisa wanakuja! Kila nilichofundishwa maishani kilisimama wima ndani yangu. Simu yake ikalia, akageuka kuichukua. Nikainama chini ya dirisha, nikakitia kibati kwenye soksi ya kulia, ile kavu, nikashika njia ya kwenda mjini bila kutazama nyuma. Bingwa alikuwa hajakaa chini.

Nyuma ya kanisa la mawe palikuwa na ukuta uliopigwa jua. Nilipanda nikatandaza sketi, nikakaa na chupi na sweta kama mfalme wa nchi maskini. Mawe yalikuwa ya moto vizuri. Mji ulinyamaza, mtaa mzima aliyeonekana alikuwa mbwa mmoja. Moyo ukaanza kurudi mahali pake. Nikahesabu kwamba sketi ikikauka nitarudi, nitajichanganya na wengine, na hakuna atakayejua, mpaka nife.

Ndipo nikasikia chuma kinagongwa kule juu. Siyo kengele. Ni kipande cha reli, kilichoning'inizwa mgodini, kilichopigwa kwa nyundo, haraka haraka, bila kupumzika. Nikajua maana yake bila kuambiwa. Mti umesema. Mtu amebaki.

Nilianza kuwapitisha wenzangu kichwani, mmoja mmoja, nikiuliza ni nani. Mungu anisamehe, kulikuwa na wawili niliodhani wakibaki haitakuwa mbaya sana. Nikavaa sketi ikiwa bado na unyevunyevu, nikaipanda ile njia mbio, na kadiri chuma kilivyokaribia ndivyo meno yangu yalivyogongana kukijibu.

Watoto walikuwa wamepangwa kwenye nyasi, wawili wawili, wengine wanalia. Mama Furaha alikuwa amekaa chini kabisa, mikono kichwani, gunia miguuni. Aliinua macho akaniona.

"Huyu hapa!" Sauti ile ingefika Bukavu. "Huyu hapa! Mungu yangu, huyu hapa!" Akaninyakua, akanipiga na gunia mgongoni, mara tatu, vumbi jeusi likaruka, kisha akanikumbatia hadi nikakosa hewa. "Ulikuwa wapi, weye mutoto? Batu wako ndani wanakutafuta!"

"Wanamtafuta nani?" nikauliza.

"Weye!"

Ndipo nikautazama ubao. Vibati vyote vilikuwa vimerudi, vinametameta juani, isipokuwa mahali pamoja; wale wa kunitafuta walikimbilia ndani bila kuchukua. Yule mama wa dirishani alikuwa amewaambia ukweli wake wote: aliona mtoto mmoja akitoka, aligeukia simu, alipotazama tena hakumwona, kwa hiyo lazima alirudi ndani kuwafuata wenzake. Na msumari ulikuwa mtupu. Nani angebishana na msumari?

Sasa yule mama akapuliza filimbi kuwaita waliokuwa ndani. Baada ya muda Mkhulu na Mwalimu Kibet wakatoka. Mwalimu alikuwa mweusi usoni, na kwenye weusi ule palikuwa na mistari miwili iliyosafishwa, kutoka machoni hadi kidevuni. Aliniona akakaa chini pale pale kwenye reli. Hakusema chochote kuhusu historia.

Mkhulu hakunikaripia. Alinyosha kiganja tu. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikamkabidhi kibati namba kumi na saba, cha moto kutokana na mguu wangu. Akakitundika. Ubao ukajaa. Misumari yote ikawa na watu wake, kwa hiyo chini hakuna mtu. Mzee akashusha pumzi, akalivuta geti la chuma, akatoa kufuli mfukoni.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Nimemutuma mujini akutafute," alisema Mama Furaha, akijifuta. "Alisimama tu pale kama muti. Nikamwambia, Mama Divine, shuka uangalie mujini, miye nitabaki hapa."

Lakini njia ya mjini ilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimetoka kuipanda. Nilijiambia labda alipita nyuma ya nyumba. Nilijiambia mengi. Nilikuwa nataka pa kujificha, maana wenzangu walikuwa wameanza kunitazama, na wawili wamekwisha kuigundua sketi. Kando ya mdomo wa mgodi palikuwa na kitoroli cha zamani kilichoota kutu. Nikaenda nyuma yake.

Pale nyuma, chini, palikuwa na viatu vya Mama. Vile vyeusi vya kisigino kifupi, vya Jumapili, vimepangwa sambamba kama mlangoni mwa nyumba ya watu. Na juu ya viatu ilikuwa ile bahasha ya plastiki, imefungwa kifungo chake, imewekewa jiwe isichukuliwe na upepo.

Sijawahi kuogopa hivyo, wala kabla wala baada. Giza la mgodini lilikuwa mchezo. Mama hakuwahi kuiacha ile bahasha popote, kwa mtu yeyote, hata dakika moja. Kuiona iko peke yake juu ya viatu ilikuwa kama kumwona yeye mwenyewe amelazwa pale. Alikuwa ameingia nyuma ya wale wanaume, wakati chuma kinagongwa na kila mtu anatazama kwingine. Hakuchukua kibati. Hakujua kazi ya vibati, maana wenzake walipokuwa wakielezwa yeye alikuwa anabeba ndoo za maharage. Kwa ubao ule, Mama hakuwa chini. Kwa ubao ule, Mama hakuwa popote.

Na kufuli lilikuwa linapita kwenye tundu la geti. Nikaliona lile tao la kufuli likiingia, likikwama kwa kutu, mzee akalipulizia, akalijaribu tena. Nikalifikia geti nikalishika kwa mikono yote miwili, nikasukuma uso kwenye vyuma, na ndipo sauti ikaja, siyo neno kwanza, kilio tu, kisha neno.

"Mama!"

Mkhulu alinitazama. Akatazama nilikotoka, akaviona viatu.

"Hhayi bo," akasema taratibu, na geti likafunguliwa tena.

Alinipa mkono. "Woza," akaniambia. Njoo uite, sauti yako ataijua.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia nilimfuata. Nimejaribu kuisimulia hivyo mara mbili, kwa watu wasionijua, na mara zote mbili nimeona haya. Sikumfuata. Palikuwa na mstari ambapo mwanga wa jua ulikoma, na vidole vya miguu yangu vilifika kwenye mstari huo vikakataa. Mama alikuwa ndani kwa ajili yangu, mimi nilikuwa nje kwa ajili yangu. Mzee akaenda peke yake, taa yake ikawa nukta, ikamezwa. Nami nikabaki pale pale, nimeshika nguzo, nalia kwa mdomo wazi, sina hata aibu ya makamasi, naita na kuita. Mwalimu Kibet alijaribu kunivuta nikamng'ata. Sijui ni muda gani. Mama Furaha husema dakika kumi. Mimi nilizeeka.

Wa kwanza kuonekana hakuwa mzee wala taa yake. Ulikuwa mkono. Mkono unapapasa ukuta, kisha bega, kisha Mama, peku, kitenge kimelowa hadi magotini, kiganja cha kulia cheusi chote kwa kushika ukuta, simu yake ndogo yenye tochi katika mkono wa kushoto, imezimika. Mkhulu alikuja nyuma yake akitikisa kichwa. Alimkuta amekwisha kutoka kwenye lile handaki la kushoto, lenye mnyororo, anatembea gizani kuelekea nje kama mtu anayerudi chumbani kwake.

Mama hakukimbia kunishika. Kwanza alikwenda nyuma ya kitoroli, akaondoa jiwe, akafungua bahasha, akaangalia karatasi, akafunga. Kisha akavaa viatu, kimoja kimoja. Kisha ndipo akaja akanishika, kwa ule mkono mweusi, na vidole vyake vitano vikabaki kwenye sweta langu jeupe.

"Sketi imekaukia wapi?" akaninong'oneza sikioni.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulikula maharage ndani ya basi, wala mji wa kitambo hatukuuona. Mtoto pekee aliyeufikia alikuwa mimi, na nilichokiona ni ukuta mmoja. Njia nzima ya kurudi Mama alikaa na taa ya juu ya kiti imewashwa, dereva akilalamika inamsumbua kiooni, na Mama hakuizima.

Mengine niliyapata baadaye sana, nimekwisha kuwa msichana mkubwa, tukiwa wawili kwenye foleni ndefu ya ofisi, asubuhi. Foleni zetu zimesikia siri nyingi kuliko mapadri. Aliniambia huku akitazama mbele. Kwao, Burundi, ndizi za pombe huivishwa shimoni. Wanachimba, wanatandika majani ya migomba, wanafunika juu kwa udongo. Vita vilipofika kwao, alikuwa msichana mdogo, na walijificha humo siku mbili, yeye na mdogo wake wa kiume. Waliingia wawili. Hakuniambia zaidi ya hapo, foleni ikasogea, nasi tukasogea.

Na ile bahasha juu ya viatu niliielewa siku hiyo hiyo, nimesimama pale na karatasi yangu mkononi. Kwenye ile ya bahasha jina langu lilikuwa mstari wa pili. Mtu anayejua mashimo hayarudishi kila anayeingia alikuwa amehakikisha kwamba, akibaki, mwanawe atakuwa na kitu cha kuonyesha kwenye dirisha lolote la dunia hii. Aliniachia orijino.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwa Mama Furaha, tunamenya vitunguu saumu. Mama amehamia Chatsworth siku hizi, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Sijui tulifikaje kwenye mambo ya mgodi, lakini nilimwambia kinachonila miaka yote: kwamba Mama, aliyekuwa na sababu ya kuogopa, aliingia, na mimi niliyeogopa bure nilibaki mlangoni. Kwamba nilipaswa kuingia. Kwamba mtoto mwingine angeingia.

Mama Furaha hakuacha kumenya. Alisema hivi, namnukuu kama alivyosema:

"Weye Divine, acha kujifanya shujaa mwenye kuchelewa. Simu ilimuzimikia mama yako kule ndani, hakuona hata mukono yake. Weye ulilia kama mbuzi, akafuata mbuzi, tukarudi Durban."